Rola ya Kuvuta Majani

Mwezi wa tatu mwaka jana, jirani yangu wa karakana aliniambia kwamba mwezi wa nane atafunga banda lake na kurudi nyumbani, ng'ambo ya Kisumu. Aliniambia akiwa amesimama nje barabarani, kwa sababu kwa miaka mitatu hakuwa ameingia ndani kwangu. Nilimjibu kwamba ni sawa, kila mtu ana wakati wake. Kisha nikarudi kazini na kukata chuma kifupi kuliko nilivyopima, kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokuwa ninajifunza kazi. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, kwamba asiondoke. Sikujua namna ya kumwomba, maana mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia nje.

Nieleze kwa mpangilio. Mabanda yetu yako upande wa viwanda wa mji wa Nakuru, mafundi kumi na wanne kwenye mstari mmoja, migongo ya mabanda ikielekea reli. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli, na baba yake jirani vilevile, ingawa utotoni hatukujuana. Wao walikaa nyumba za juu na sisi za chini. Niliacha shule kidato cha pili. Kuchomelea nilijifunza kwa kumshikia fundi mwingine vyuma. Mengine ninayoyajua nimeyatoa kwenye vitabu vya mitumba, ambavyo mama mmoja huvitandika juu ya gunia karibu na steji ya matatu.

Kwa zaidi ya miaka kumi mimi na jirani tulitengeneza kitu kimoja, mashine za kukata majani ya ng'ombe. Gurudumu kubwa, visu viwili vilivyotolewa kwenye springi kuukuu za lori, mdomo wa bati wa kusukumia majani, na injini ndogo kwa mwenye uwezo. Hatukugombania wateja. Mkulima akifika kwake na kukuta kazi zimejaa, alimleta kwangu, nami nilifanya hivyohivyo. Mtungi wa gesi wa kukatia chuma tulikuwa nao mmoja, wiki hii kwake, wiki ijayo kwangu.

Mstari wetu ulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine mjini. Fundi akitengeneza kitu kipya, mwenzake yeyote huweza kuja na kipande cha bati na chaki, akasimama mbele ya kitu hicho na kuuliza, "Napima?" Jibu ni moja, "Pima." Mpimaji huliweka bati lake juu ya kitu, huchora, hukata, na siku chache baadaye kitu chako kiko kwake pia. Malipo yake ni chai. Anayepima ndiye anayeagiza, na huongeza maandazi kama kitu ni kikubwa. Mimi mwenyewe nilipima mara nyingi. Hata miguu ya mashine yangu ya kwanza kabisa niliipima kwa jirani.

Halafu nikanunua kitabu kinene cha biashara. Nilikisoma mara tatu nikiwa na penseli mkononi. Kilisema kwamba kampuni huwazidi wenzake kwa njia kubwa mbili: ama itengeneze kwa gharama ya chini kuliko wote, ama itengeneze kitu ambacho mteja hakipati kwingine. Kilisema pia kwamba kupata nafasi hiyo ni kazi ndogo ukilinganisha na kubaki nayo, kwa sababu kila kizuri huigwa, na anayetaka kudumu lazima awe na kitu ambacho ni kigumu kuigwa. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Nikatazama nje, nikaona mashine zimepangwa mbele ya mabanda yetu, zinazofanana kama viti vya kanisani. Nikaona kwamba muda wote huo nilikuwa ninatengeneza kitu rahisi kuigwa kuliko vyote mjini, na juu ya hayo nilikuwa ninakunywa chai ya wanaoniiga.

Wakati huo maduka ya mjini yalikuwa yameanza kuleta mashine kutoka ng'ambo, zimepakwa rangi nzuri, bei karibu nusu ya zetu. Njia ya gharama ya chini ilikuwa imezibwa. Ilibaki ile ya pili.

Kitu cha kuwazidi wengine nilikipata huko mashambani, eneo la Bahati, bila kukitafuta. Nilikuwa nimeenda kumnolea visu mama mmoja mwenye ng'ombe wanne. Aliniletea uji, na nilipopokea kikombe niliona vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimeishia katikati. Niliuliza. Akasema ni mashine iliyofanya hivyo, ile ya zamani kabla hajanunua yangu. Majani yalikuwa yamelowa, yakakwama, akasukuma zaidi.

"Majani ikiingia inaenda na kidole," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Kisha akaniuliza kama kuna mashine ambayo majani yanajiingiza yenyewe.

Haikuwapo, angalau kwa bei ambayo mwenye ng'ombe wanne angeiweza. Nilifanya kazi hiyo miezi saba. Nilichopata mwishoni ni rola mbili zenye meno, moja juu na moja chini, ya juu ikibanwa na springi ili ipande na kushuka kufuata unene wa majani, zote zikizungushwa na cheni ya pikipiki kutoka kwenye gurudumu kubwa. Unaweka majani mdomoni, unaondoa mkono, rola zinavuta.

Siku mashine ilipofanya kazi bila kukwama jirani alikuwa ndani kwangu. Ndiye aliyekuwa amenishikia upande wa pili wa fremu asubuhi nzima nikiichomelea. Alitia mabua makavu ya mahindi, kisha majani mabichi ya nepia, kisha kwa utundu akatia kipande cha kamba. Vyote vilivutwa. Alicheka, akaenda kwake, na nilimsikia njiani akimwambia mama wa chai alete vikombe viwili na maandazi manne. Alirudi na bati na chaki.

"Napima?"

"Hii hapana, jirani."

Alidhani ninatania. "Maandazi ni manne. Ama unataka sita?"

Nilimwambia kwamba nimeifanyia kazi miezi saba. Nilimwambia kwamba tukiitengeneza sote, kila mmoja atashusha bei hadi amuumize mwenzake, na maduka yatatumaliza wote pamoja. Kwamba biashara lazima iwe na kitu chake. Nilisema mengi, na yote yalitoka kwenye zile kurasa nilizopiga mistari. Alinisikiliza hadi mwisho, akavunja ncha ya chaki kwa kidole gumba, akasema, "Sawa." Chai ilikuwa imeshaagizwa, ikaletwa. Alikunywa yake akiwa amesimama mlangoni, akalipa, akaniachia maandazi yote manne.

Wiki iliyofuata nilijenga ukuta. Kabla ya hapo kati ya banda langu na lake kulikuwa na nguzo tatu tu, na mtu angeweza kunyoosha mkono akaazima nyundo. Nilipigilia mabati kutoka chini hadi juu, na mbele nikaweka mlango wenye kufuli. Kisha nikabadilisha visu. Mstari mzima ulitumia kisu chenye matundu mawili ya bolti, umbali uleule. Changu nilikipa matundu matatu, la tatu likiwa limekaa pembeni kidogo ya mstari. Tundu hilo halikuongeza nguvu yoyote. Nililiweka ili kisu kikivunjika mteja asipate kingine popote ila kwangu. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, kumfanya mteja aone tabu kuhama.

Mke wangu anakaa nyumbani, kwenye shamba letu huko magharibi, na tunazungumza kwa simu siku za Jumapili. Nilimweleza habari za ukuta. Aliuliza kama mle ndani nimeweka na choo. Nikasema hapana.

"Basi utatoka tu," alisema, akaendelea na habari za kuku.

Kwa kipimo cha kitabu, nilifaulu. Yule mama wa Bahati alinunua mashine ya kwanza yenye rola, na wanawake waliokutana naye kwenye foleni ya maziwa waliangalia vidole vyake, wakasikiliza, wakaja. Walikuja watu wa Elmenteita, wa upande wa Kariandusi, wa Ndabibi. Kulikuwa na majira ambayo mteja alingoja wiki sita na hakulalamika. Visu vilirudi kwangu kama nilivyopanga. Mashine za madukani zilibaki madukani. Nilipanga shughuli zangu kwa saa, na kila kitu kilikuwa mahali pake ukutani, kila spana na kivuli chake kilichochorwa.

Wenzangu mstarini walianza kuliita banda langu benki. "Boss, benki imefunguliwa?" aliuliza mmoja wao kila asubuhi nilipokuwa ninafungua kufuli, na wengine wakacheka, si sana. Baada ya kama mwaka hata utani huo uliisha, na nikaona kwamba nilikuwa nimeuzoea.

Ni vigumu kueleza upweke wa mtu ambaye kazi yake inaendelea vizuri. Hakuna kilichoharibika ambacho ningeweza kumwonyesha mtu. Nilikula chakula cha mchana nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitazama mlango. Mtu akitengeneza fremu ndefu anahitaji mwenzake ashike upande wa pili. Nilijitengenezea mguu wa chuma wenye taya, unaopanda na kushuka, ukanishikia. Ulishika vizuri kuliko binadamu, bila kutetemeka wala kuchoka. Siku ya kwanza niliyoutumia niliinua miwani ya kuchomelea na kuanza kusema jambo, kisha nikakumbuka ninaongea na nani.

Upande wa pili wa mabati nilimsikia jirani. Nilijua kwa sauti anachofanya: anakata, ananoa, anapiga chuma kikiwa bado na moto. Nilijua anapokosea, kwa sababu kabla ya kurudia alinyamaza kwa muda mrefu kidogo. Yeye pia lazima alinisikia. Mtungi wa gesi uliendelea kuhama. Wiki yangu ilipofika niliukuta asubuhi umesimamishwa mlangoni kwangu, umefungwa vizuri, na wiki yake nami niliuacha mlangoni kwake. Hivyo ndivyo tulivyotumia mtungi mmoja kwa miaka mitatu bila kusemezana zaidi ya salamu.

Kwa hiyo aliponiambia anaondoka, nilichopaswa kusema kilikuwa kimekaa miaka mitatu, na nilikaa nacho miezi minne zaidi. Kilichonitoa ni mzee mmoja wa Ndabibi.

Alikuja mwezi wa saba na kisu kilichovunjika, amekifunga ndani ya gunia. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi na mguu mbaya. Nilimpa ndoo akae, nikafunga kisu kipya kwenye drili na kuanza kutoboa.

"Huyu jirani yako ni mgumu," alisema.

Nilimuuliza amemfanya nini.

"Kila nikikuja huwa naanza kwake, kwa sababu kwako iko foleni. Namwambia, boss, nitobolee hizi tundu tatu tu nikimbie gari. Anashika kisu, anakiangalia, anasema hiyo ni ya mwenye mashine, zunguka hiyo mabati. Leo ni mara ya tatu."

"Labda hawezi," nilisema, na niliona haya, maneno yakiwa bado mdomoni.

"Hawezi? Mara ya kwanza alichora hapo chini na chaki, zote tatu, hata hii ya pembeni. Akaniuliza, si ni hivi? Nikaweka kisu juu, ilikuwa hivyo. Halafu akafuta na kiatu."

Nilizima drili. Nilimuuliza hiyo mara ya kwanza ilikuwa lini. Alifikiri, akahesabu ndama wawili waliozaliwa tangu wakati huo, akasema ni kama miaka miwili na nusu.

Nilimaliza kisu chake nikampeleka hadi barabarani. Kisha nilikaa juu ya ndoo ile na kujaribu kuweka mambo kwenye mstari, kama ninavyofanya mashine ikikataa. Kama jirani aliyajua matundu miaka miwili na nusu iliyopita, matundu hayakuwa yamenilinda. Kama alikuwa ameshika fremu yangu kwa mikono yake asubuhi nzima kabla ya ukuta kujengwa, ukuta nao haukuwa umenilinda. Lakini kulikuwa na kitu kilichonilinda, maana mashine yangu haikuwa imeigwa na mtu yeyote. Ilibaki sababu moja, na sikuwa nimewahi kuisoma katika kitabu chochote kati ya vile nilivyonavyo.

Siku iliyofuata, saa ya chai, niliingia kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefumba macho, kitambaa kilicholoweshwa maji kikiwa juu ya uso. Macho ndiyo yaliyokuwa yanamrudisha nyumbani. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeyala kidogo kidogo, na sasa hata mchana aliona mstari wa chaki kama mistari miwili. Alinisikia, akaondoa kitambaa, akanitazama kwa muda ili kuhakikisha ni mimi.

"Benki imetembea," alisema.

Nilikuwa nimeandika nilichotaka kusema kwenye karatasi, kwa namba. Tung'oe mabati. Mabanda mawili yawe moja. Yeye asiguse tena moto. Mimi nitachomelea, yeye ataunganisha rola na kuzijaribu, kazi ya mikono na masikio. Tutengeneze pamoja na tugawane sawa. Nilimsomea yote hadi namba sita.

"Umeandika?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilimsikia akicheka bila ukuta katikati. "Hii ni barua ya kuposa?"

Nilimwambia basi angalau aje apime. Leo, sasa hivi, na chai niagize mimi.

"Nilishapima, jirani."

"Lini?"

"Siku ileile. Nilikushikia hiyo fremu kutoka asubuhi, unafikiri nilikuwa nimefunga macho? Nilikuwa nimeimaliza kichwani kabla niende kutafuta chaki. Chaki ilikuwa ni heshima."

"Mbona hukuitengeneza?"

"Si ulisema hapana."

Alisema hivyo bila uzito, kama mtu anayetaja saa. Nilimuuliza wale wengine nao, kwa nini hawakuitengeneza. Akasema walimjia, mmoja mmoja, kwa sababu walijua aliishika. Wengine walikuwa wamepata hata mashine yangu ya kufungua, ya mteja aliyeleta injini irekebishwe. Yeye ndiye mkubwa wao mstarini baada yangu. Aliwaambia ya huyo muiache, amekataa, ni yake.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia nikipitia wapi?"

Aliichukua karatasi yangu, akaikunja kwa makini, akanirudishia mkononi. Alisema mpango ni mzuri, hasa namba tatu. Lakini daktari alikuwa amemwambia vumbi la chuma nalo ni adui, si moto peke yake, na karakana bila vumbi haijajengwa. Na mke wake alikuwa amekaa peke yake nyumbani muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa pamoja, alikuwa ameshamwahidi.

"Umechelewa kidogo tu," alisema. "Si vibaya. Ni kuchelewa."

Niling'oa mabati hata hivyo, siku hiyohiyo, na kwa wiki tano zilizobaki tulikuwa na banda moja. Alikaa kwenye kigoda upande wangu, akanisomea kazi yangu kwa sikio: hiyo beringi inalia, hiyo cheni imebana mno. Alikuwa sahihi kila mara. Sikuzoea furaha hiyo, nikawa ninahesabu siku zake badala ya kukaa ndani yake. Mwezi wa nane alipakia vitu vyake kwenye lori lililokuwa linarudi magharibi tupu baada ya kuleta miwa ya kutafuna. Tulishikana mikono. Alimwambia dereva kwa utani aangalie springi zake, zikivunjika njiani aniletee mimi, nitazigeuza visu.

Sasa banda lake lina fundi wa viti vya sofa, mtu mpole anayesikiliza redio. Rola yangu ya kuvuta majani ilikaa mwezi mmoja na siku chache bila kuigwa. Mwezi wa kumi niliiona mbele ya banda la mwanzo wa mstari, kisha mawili zaidi, na sasa iko kila mahali, hata barabara ya kwenda Bahati. Hakuna aliyekuja na chaki. Wameitengeneza vizuri, lazima niseme. Hata lile tundu la tatu, ambalo halina kazi yoyote duniani isipokuwa choyo changu, wameliiga kwa uaminifu, na kila kisu kinachouzwa mjini hapa sasa kinalo. Na kwa kuwa visu vinapatikana kila mahali, wakulima waliokuwa wakiogopa kununua mashine yenye kisu cha fundi mmoja sasa wananunua bila wasiwasi, wengine kwangu. Ninauza karibu sawa na nilivyouza wakati wa kufuli. Nimelifikiri jambo hilo sana, na bado sijui niliweke chini ya sura gani ya kile kitabu.

Kinachonisumbua hakiko kwenye mauzo. Kwa miaka mitatu niliamini kwamba ninalindwa na vitu nilivyojenga mwenyewe. Nilikuwa ninalindwa na mtu mmoja ambaye kila mara alipoulizwa alisema hapana kwa niaba yangu, huku mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa mabati nikimsikia akinoa. Sikumlipa, sikumshukuru, wala sikujua. Na nilipojua, alikuwa anafunga vitu.

Alinipigia simu mwezi wa kwanza mwaka huu, asubuhi, nikiwa katikati ya kazi. Bado ananiita jirani.

"Jirani, mke wangu amenunua ng'ombe. Anakata majani na panga, mpaka mkono umevimba. Kuna kijana wa kuchomelea hapa sokoni, nataka nimsimamie tumtengenezee ile yako. Ni sawa?"

Nilimwambia huku kila mtu ameshaitengeneza, hata watu nisiowajua.

"Hao hawakuuliza. Mimi nakuuliza."

"Tengeneza," nilisema. "Tengeneza hata kumi, uuze."

"Kumi za nini? Ng'ombe ni mmoja."

Kisha akaniuliza meno ya rola niliyalaza kiasi gani, kwa sababu, alisema, hilo moja halikumkaa kichwani. Sijui kama ni kweli. Nilimwambia kwamba kabla ya kuyapata nilijaribu namna kumi na moja. Akasema nimwambie zote. Nikaketi, nikaanza na ya kwanza, ambayo ilikata majani kabla ya kufika kwenye kisu, na kwa nini. Yeye alirudia kila kipimo polepole kama mtu anayekiweka mfukoni, nami nikamngoja amalize kabla ya kuendelea. Tulipofika ya saba salio lake likaisha. Nikampigia mimi, tukaendelea na ya nane.